Daktari wa Mishipa ya Fahamu: Tumwendee Lini, na Tumweleze Nini?



Katika wodi na kliniki zetu, karatasi ya rufaa inayowatia watu hofu kuliko nyingine ni ile inayosema mgonjwa akaonwe na daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Wengine hudhani wameambiwa kwamba ndugu yao ni mwendawazimu. Wengine hudhani kichwa kitapasuliwa siku hiyohiyo. Wengine huikunja karatasi, huiweka sandukuni, na sisi wauguzi tunakuja kumwona mgonjwa tena baada ya miezi mingi, hali yake ikiwa mbaya kuliko mwanzo.

Kwa sababu hiyo, mwezi huu tumeona vema tueleze daktari huyu ni nani na anafanya nini. Tena tungependa mjue jambo ambalo wengi hawalijui: sehemu kubwa ya kazi yake hutegemea maneno yenu ninyi mnaomsindikiza mgonjwa.

MISHIPA GANI?

Kiswahili chetu hulitumia neno "mshipa" kwa mambo mengi. Kuna mshipa wa damu. Kuna wanaosema mshipa wakiwa na maana ya kano inayokaza mguu. Wengine, hasa wazee wa pwani, wakisema "nina mshipa" wanataka kusema wana ngiri. Kwa hiyo mtu akifika akisema "mishipa inaniuma", mganga hana budi kumwuliza tena.

Mishipa tunayoizungumzia hapa ni mishipa ya fahamu, ambayo wengine huiita neva. Hii haichukui damu. Inachukua habari. Ukigusa sufuria ya moto, neva za kidole hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na mkono hurudi haraka hata kabla hujatambua maumivu. Habari huendelea hadi kwenye ubongo, nawe unasema, "Nimeungua!" Ubongo, uti wa mgongo na neva zote zilizotapakaa mwilini ndizo shamba la daktari huyu.

MADAKTARI WATATU TOFAUTI

Watu wengi huwachanganya madaktari wafuatao:

1. Daktari bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Huyu hapasui. Anatibu kwa dawa na ushauri. Anaona wagonjwa wa kifafa, kiharusi, kutetemeka, kuumwa kichwa kwa muda mrefu, ganzi, udhaifu wa viungo na kupotewa na kumbukumbu.

2. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Huyu hupasua inapolazimu: damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya ajali, uvimbe katika ubongo, mtoto mwenye kichwa kikubwa chenye maji, mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Nchini Tanzania kazi hii inajulikana sana katika taasisi ya MOI iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

3. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Huyu hutibu magonjwa ya mawazo, hisia na mwenendo, kama vile sonona na kuchanganyikiwa.

Hapa tuseme neno moja kwa wazazi. Katika hospitali nyingi za wilaya, dawa za kifafa hutolewa katika kliniki ya afya ya akili. Hiyo haina maana kwamba mtoto wako ni mwendawazimu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na kliniki hiyo ndiyo yenye dawa na watumishi waliofundishwa kumfuatilia. Usikatae kwenda kwa sababu ya kibao kilichoandikwa mlangoni.

Madaktari hawa ni wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na mabingwa wa mishipa ya fahamu hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za rufaa mijini. Si ajabu, maana safari ya kuwa bingwa ni ndefu: miaka 5 ya chuo cha udaktari, mwaka wa mazoezi kazini, miaka mingine 3 au zaidi ya kusomea magonjwa ya ndani ya mwili, na baada ya hapo ndipo masomo ya ubongo na neva yenyewe. Ukipata nafasi ya kuonana naye, basi, usiende mikono mitupu. Nenda na habari.

ANAVYOFANYA KAZI

Wengi hutazamia mashine. Lakini daktari huyu huanza kwa kuuliza, na maswali yake yana sababu.

Kwanza huuliza: lilianzaje? Mkono uliopooza ghafla asubuhi moja humfanya afikirie kiharusi. Udhaifu uliokuja kwa siku chache humfanya afikirie maambukizo. Udhaifu uliokuwa ukiongezeka kidogokidogo kwa miezi humfanya atafute uvimbe.

Pili huuliza: ni sehemu gani? Mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea, mara nyingi tatizo liko upande wa pili wa ubongo. Miguu yote miwili ikikosa nguvu na mkojo ukazuilika, huutazama uti wa mgongo. Ganzi ikianzia nyayoni na kupanda pole pole, hushuku neva zenyewe, na hapo huuliza habari za kisukari, pombe, virusi vya UKIMWI, au dawa za kifua kikuu. Baka lisilosikia mguso humkumbusha ukoma, ambao nao hushambulia neva.

Kisha hupima kwa vitu vidogo: nyundo ya mpira ya kugonga goti, tochi ya kumulika mboni za macho, pamba na kijiti chenye ncha cha kupimia hisia. Humwambia mgonjwa atabasamu, anyoshe mikono akiwa amefumba macho, atembee kwa mstari. Msione kama anacheza. Kila kitendo kinampa jibu la swali lake.

MIFANO MITATU YA HAPA NCHINI

Ili mjue kwamba kuuliza na kutazama kuna nguvu, tunawapa mifano mitatu ya Tanzania.

Mahenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuta huko wagonjwa wengi wa kifafa wakiishi kwa kutengwa. Watu waliogopa hata mate yao. Alianzisha kliniki ya kifafa, akawasikiliza wagonjwa na jamaa zao, akawapa dawa. Aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Miaka mingi baadaye, ugonjwa wa kusinzia kichwa ulishughulisha madaktari huko Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Uchunguzi uliofanyika Mahenge mwaka 2017 ulionyesha kwamba kifafa kilikuwa kingi zaidi katika vijiji vya ndani vilivyoathirika na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa mitoni. Basi, dawa za usubi zinapogawiwa kijijini, zimezeni. Hazilindi macho na ngozi peke yake.

Tarime. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa huko, hasa watoto na akina mama, walianza kukakamaa miguu yote miwili kwa ghafla. Daktari bingwa William Howlett, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya KCMC, Moshi, alikuwa mmoja wa waliouchunguza ugonjwa huo. Pamoja na kupima miguu, wachunguzi waliuliza watu wanakula nini na wanakiandaa namna gani. Jibu lilikuwa muhogo mchungu. Kwa sababu ya njaa, watu walikuwa wameufupisha muda wa kuuandaa, na sumu ikabaki katika unga. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na miguu iliyokwisha kukakamaa hairudi kama zamani. Kinga yake, hata hivyo, iko jikoni: muhogo mchungu uvundikwe na kukaushwa kwa siku za kutosha bila kufupisha, na uliwe pamoja na maharage, samaki, dagaa au mayai.

Hai, Kilimanjaro. Katikati ya miaka ya 2000, wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao huleta kutetemeka, mwili kuwa mzito na hatua kuwa fupi. Waliwapata watu 33. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa wana ugonjwa gani, wala hawakuwa na dawa. Jamaa walisema ni uzee tu. Ni kweli ugonjwa huu huwapata zaidi wazee, lakini ipo dawa inayoweza kumrudishia mzee uwezo wa kushika kijiko na kufunga vifungo vya shati lake. Tusimzike mtu katika neno "uzee" kabla hajapimwa.

VIPIMO VINAVYOOGOPWA

Baada ya kuuliza na kupima, daktari anaweza kuagiza vipimo. Vitatu kati yake huleta hofu.

Kuchukua maji ya uti wa mgongo. Wengi hukataa wakisema, "Aliyechomwa sindano ya mgongo hufa au hupooza." Ukweli ni huu: sindano huingizwa chini ya kiuno, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe umekwisha kuishia. Wanaokufa, mara nyingi huuawa na homa ya uti wa mgongo iliyocheleweshwa. Kipimo hiki ndicho kinachoitambua homa hiyo na kuonyesha dawa ipi itolewe.

Picha ya ubongo ya CT-scan. Mgonjwa hulala katika mashine kwa dakika chache. Hachomwi wala hapasuliwi, ingawa pengine hupewa sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Picha huonyesha damu iliyovuja, uvimbe, au vifuko vya minyoo ya tegu wa nguruwe, ambavyo ni chanzo kimoja cha kifafa mahali ambapo nguruwe huachwa kuzurura na watu hawatumii vyoo.

Kipimo cha umeme wa ubongo. Nyaya hubandikwa kichwani. Haziingizi umeme wala hazisomi mawazo ya mtu. Zinapokea tu umeme mdogo wa ubongo wenyewe. Na mjue kwamba mtu anaweza kuwa na kifafa ingawa kipimo hiki kimetoka kizuri. Ndiyo maana ushahidi wa aliyeona una thamani kubwa.

USHAHIDI WA ALIYEONA

Mgonjwa wa kifafa mara nyingi hakumbuki kilichotokea. Anaamka amechoka, ameuma ulimi, haelewi kwa nini watu wamemzunguka. Daktari anamhitaji mtu aliyekuwapo. Lakini tunaona mara nyingi mgonjwa anasindikizwa na mjomba anayeishi mjini, ambaye hajawahi kumwona akianguka hata mara moja. Mjomba ana nauli, lakini hana habari. Afadhali aje mama, dada au mwalimu aliyeshuhudia.

Kabla ya kusafiri, andikeni katika daftari mambo haya:

1. Ugonjwa ulianza lini, na ulianzaje.
2. Kama ni kuanguka: alikuwa akifanya nini, macho na kichwa viligeukia wapi, upande gani ulianza kutikisika, ilichukua dakika ngapi, alijikojolea au aliuma ulimi, na baada ya hapo alikuwaje.
3. Mara ngapi kwa mwezi, na tarehe za mara za mwisho.
4. Habari za kuzaliwa kwake: uchungu ulikuwa mrefu? Alilia mara alipozaliwa? Alipata degedege au malaria kali utotoni?
5. Je, yupo mwingine katika ukoo mwenye hali hiyo?
6. Dawa zote alizotumia, pamoja na za kienyeji. Msiogope kuzitaja. Leteni pakiti, chupa na kadi za kliniki.

Siku hizi simu za mkononi zimeenea. Ikiwa yuko mtu wa pili wa kumhudumia mgonjwa, mwingine amrekodi kwa video akiwa katika hali hiyo, kwa ajili ya macho ya daktari tu. Video ya dakika moja humsaidia daktari sana. Kuisambaza kwa watu ni kumvunjia mgonjwa heshima.

MTU AKIANGUKA KIFAFA

Mwondoleeni vitu vya moto na vya ncha. Mlazeni kwa ubavu ili mate yatoke. Legezeni nguo ya shingoni. Wekeni kitu laini chini ya kichwa. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimshike kwa nguvu, msimmwagie maji. Povu lake haliambukizi. Tumewauguza watu walioungua vibaya kwa sababu waliangukia jikoni na waliokuwapo wakaogopa kuwagusa. Mtetemeko ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali mara moja.

Na mwenye kifafa akishapewa dawa, asiiache kwa ghafla hata kama ameona nafuu. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mianguko mfululizo inayoua. Kwa kawaida daktari hufikiria kupunguza dawa baada ya miaka 2 hivi bila kuanguka, tena kwa hatua. Mama anayetumia dawa na anatazamia kupata mimba amwone daktari mapema, kwa maana baadhi ya dawa, hasa sodiamu valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache peke yake nyumbani. Aende akabadilishiwe.

DALILI ZISIZONGOJA

Kwa dalili zifuatazo, msingoje siku ya kliniki wala kikao cha ukoo. Nendeni katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, na huko wataamua kama inafaa kupelekwa mbele:

- Uso kupinda, mkono kulegea, au maneno kutatizika kwa ghafla. Hiki ni kiharusi. Angalieni saa dalili ilipoanza. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na baada tu ya picha kuonyesha kwamba damu haikuvuja. Hospitali nyingi hazina dawa hiyo. Hata hivyo, kuwahi hospitali huokoa, maana mgonjwa huangaliwa pumzi, sukari na presha. Msimpe chakula, maji wala vidonge kabla hajapimwa kama anaweza kumeza.
- Homa pamoja na shingo kukakamaa, au mtoto mwenye degedege. Degedege si ndege wa usiku. Inaweza kuwa malaria iliyofika kwenye ubongo. Muda unaopotea kwa kumfukiza mtoto ni muda wa maisha yake.
- Maumivu makali ya kichwa yaliyokuja kwa ghafla kuliko yote aliyowahi kupata.
- Aliyegongwa kichwa, kisha akaanza kusinzia, kutapika au kusema ovyo, hata kama mwanzoni alisimama na kutembea. Vijana wa bodaboda wayasikie haya, na wavae kofia ngumu.
- Miguu kukosa nguvu kwa ghafla, au mkojo kuzuilika.
- Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla. Huyu hutolewa taarifa ili apimwe kama ni polio.

Naye mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua haraka kuliko mwili, au macho yake yanatazama chini daima, apelekwe wiki hiyohiyo. Akiwahi, madaktari wa upasuaji wanaweza kuyapa maji njia. Akichelewa, ubongo huwa umekwisha kubanwa.

MKIRUDI NYUMBANI

Bingwa humwona mgonjwa kwa nusu saa. Siku nyingine zote ziko mikononi mwenu, na mwa zahanati yenu. Mwombeni daktari aandike barua ya kurudi nayo, muikabidhi kwa mganga wa kituo chenu ili dawa ziendelee hapo karibu. Aliyepooza agezwe na anyoshwe viungo kila siku kama mlivyoonyeshwa. Mwenye presha ameze dawa zake kila siku, si siku ya kichwa kuuma tu, maana presha ndiyo inayotangulia viharusi vingi. Mtoto mwenye kifafa arudi shule, na mwalimu wake aelezwe la kufanya.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama ndani mwenu kuna karatasi ya rufaa iliyokunjwa sandukuni, itoeni leo. Tafuteni daftari, muiteni yule aliyeona, muandike pamoja. Na kama nauli ndiyo kikwazo, njooni mseme katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali yenu, au kwa muuguzi yeyote wa wodi. Tutatazama pamoja la kufanya.